Uso Ambao Pamba Hakuuona

Mdogo wangu alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja nzi alitua kwenye kiti chake cha kunyolea, na alipoondoka alikuwa hana ndevu hata moja, na wala hakuwa amehisi kitu. Wanaonijua watasema, huyo ameanza. Basi kamuulizeni nzi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pamba, na jina alilopewa na wazazi wetu likabaki kwenye kitambulisho, likiota ukungu.

Kibanda chake kipo bado, ukitoka sokoni kwa upande wa wauza viatu. Mlango mmoja, kiti kimoja cha chuma kinachozunguka, benchi la wanaosubiri, na kioo kirefu ukutani. Jirani yake wa ukuta mmoja ni Fundi Saa, mzee mwenye redio isiyozimwa na kioo kidogo cha kukuzia alichokibana jichoni miaka yote hiyo mpaka uso umekaa upande. Mimi nafasi yangu ilikuwa mwisho wa lile benchi, na ungo wa maharage mapajani. Kama habari za pale zilikuwa tamu, maharage ya chungu kimoja niliweza kuyachagua wiki nzima.

Ugonjwa wa macho ulimwingia Pamba akiwa kijana, ndoa yake bado mpya. Ugonjwa wenyewe hauumi, ndiyo ubaya wake. Unakuja kama mtu anayevuta pazia kutoka pembeni, polepole, hataki kukushtua. Kwanza akawa anagonga milango kwa mabega, tukamcheka, tukasema ndoa imemlevya. Halafu dunia yake ikabaki tundu, kama anachungulia kwenye bomba. Alipokwenda kwa daktari akaambiwa presha ya macho imeshakula mshipa, na kilicholiwa hakirudi. Tundu nalo likaziba.

Mtoto akazaliwa baada ya hapo. Si muda mrefu, na hilo ndilo lililomuuma. Mtu akichelewa basi kwa siku nzima hulala akasahau, lakini akichelewa huku bado anaona vumbi la magurudumu yake, hilo halisahauliki. Mimi ndiye niliyemweka yule mtoto mikononi mwake. Akamgeuza kuelekea dirishani, kama mtu anayetafuta mwanga wa kusomea, akakaa naye hivyo mpaka nikamchukua tena.

Mama mtu naye hakuishi sana, homa ilimwondoa mtoto hajaota meno. Tukabaki watatu ndani ya nyumba: kipofu, mtoto, na mimi mwenye maneno.

Msidhani aliacha kazi. Wateja wapya walikimbia, lakini wa zamani walibaki, maana kichwa kilichozoea mkono mwepesi hakiwezi kurudi kwenye mikono ya wapasua kuni. Wembe aliuweka kando, akawa anatumia mashine yenye kichana cha plastiki mbele, ambayo haimkati mtu hata ukiiomba. "Kichwa cha mtu ni kama njia ya nyumbani," alikuwa akisema. "Hakihitaji taa." Binti alipokua akawa ndiye anayemalizia pembeni na kuchora mstari wa paji, kisha anafagia. Na kila asubuhi, jambo la kwanza kabla ya kupanga vitana, Pamba alikuwa akikifuta kile kioo kwa kitambaa, kutoka juu mpaka chini, kona zote. Kioo asichokitazama! Ukimuuliza anajibu, "Kinyozi mwenye kioo kichafu ni mchafu."

Kichwa cha binti yake alikijua kuliko vyote. Alikuwa akimpunguza nywele tangu utotoni. Alijua kwamba utosini zina mizunguko miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, kama maji ya mitaro yanayogombana. Alijua kovu lililo nyuma ya sikio la kushoto, alipoangukia kona ya jiko. Ila uso hakuujua. Hata akiupapasa, anasema mkono unahesabu tu: pua ipo, mdomo upo, macho yapo mawili, ahsante. Lakini vikijumlishwa vinakuwa mtu gani, mkono hausemi.

Na watu hawana huruma. Kila mteja akikaa kitini anasema, "Fundi, huyu binti ni shangazi yake mtupu!" Walisema hivyo kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa kakaa pale kwenye benchi, na kumsifia mtu aliye mbele yako ni adabu. Kusema kweli mimi na yule mtoto tunafanana kama ndoo na ngazi.

Sasa, mimi nilikuwa sijui kwamba kipofu huota anaona. Nilidhani akizimiwa taa za mbele, basi na za nyuma zimezimwa. Kumbe miaka ya mwanzo Pamba alikuwa anaota kwa rangi zote, anaamka analia. Baadaye rangi zikaanza kupauka kama nguo iliyofuliwa sana. Mpaka mwaka ule ninaousimulia, ndoto nyingi zilikuwa sauti tu, na moja moja ndiyo ilikuja na mwanga.

"Dada," aliniambia, "ndoto zangu zinageuka redio."

Mwaka uleule binti akachumbiwa na dereva wa lori, kijana mpole mwenye sauti kama honi. Ilikuwa mvua zikikatika wahamie mji wa mpakani, huko barabara inakoishia. Siku alipoambiwa hivyo, Pamba alinyoa kichwa kimoja mara mbili.

Fundi Saa ndiye aliyeleta moto. Aliingia asubuhi moja kioo bado kiko jichoni.

"Pamba! Umesikia redio inavyosema? Kuna watu wanaota huku wanajua kwamba wanaota. Mtu anakuwa bosi wa ndoto yake. Anaita anachotaka, kinakuja mbio."

"Wewe umeita nini?"

"Mimi silali, namsikiliza mke wangu akikoroma. Sasa sikiliza. Siri yake ni mazoea. Mchana kutwa unajiuliza, hivi naota au niko macho? Kisha unatazama vidole vyako. Ukizoea mchana, na ndotoni utajiuliza. Na ndotoni vidole havitulii, utakuta vimeongezeka, utakuta vinayeyuka kama mshumaa. Hapo unajua, kumbe naota."

Binti akaacha kufagia.

"Nitazame vidole," Pamba akasema.

"Ee."

"Mimi."

Fundi Saa akakitoa kile kioo jichoni, akakifuta kwenye shati, akakirudisha. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini Pamba hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na mashine mkononi, inanguruma hewani bila kichwa.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mimi vidole vya nini? Mimi nikiona chochote, hata ukuta, hata ndoo, basi naota. Hakuna mtu duniani aliyepewa alama nyepesi kama yangu."

"Basi mbona hujawahi kujua, Baba?" binti akauliza.

"Kwa sababu nikifika kule nasahau kwamba ni kipofu. Naona kama zamani, naona ni kawaida."

"Na ukijua, utaita nini?"

"Swali gani hilo, mama? Nitakuita wewe. Nikuone kabla hujaondoka."

"Si mimi huyu niko hapa."

"Uko hapa kwa sauti. Uko hapa kwa kichwa."

Yule binti akaegemeza ufagio ukutani. "Na ukikuta sura yangu haikupendezi?"

"Nitamwambia dereva wako na yeye afumbe macho."

Basi akaanza mazoezi. Akishika kitasa anajiuliza kwa sauti, "Naona?" Kisha anajijibu, "Sioni." Akishika kikombe cha chai: "Naona? Sioni." Akishika kitana, akishika ukuta wa choo, akishika bega langu. Nyumba nzima ikawa naona-sioni, nikahisi ninaishi na njiwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi hata nikiota sasa nakuota wewe unaniuliza kama unaona." Hakuacha.

Siku hizo akaja mteja mgeni, bwana mmoja mnene mwenye tai, mgeni wa mtaa. Macho ya Pamba ukiyatazama ni safi kabisa, huwezi kujua. Bwana akakaa, akafungwa kitambaa shingoni, akafumba macho kwa raha. Mashine ikapanda kisogoni, ikafika nusu ya kichwa. Pamba akasita, akauliza, "Naona?"

Bwana akafumbua jicho moja.

"Sioni," Pamba akajijibu.

Aliruka na kitambaa chake! Alikimbia kwa kasi mpaka kivuli chake kilibaki kitini, kikamfuata jioni kwa kuulizia njia. Mpaka leo akikatiza mtaa huu huvaa kofia. Tulicheka sisi, na Pamba naye alicheka, na binti alicheka mpaka akajishika mbavu. Naikumbuka siku ile kwa sababu sikusikia tena kicheko cha wote watatu kwa pamoja.

Mvua zikaanza kupungua. Kila asubuhi binti alimuuliza, "Vipi, Baba?" naye anajibu, "Redio." Masanduku yakaanza kufungwa.

Halafu ikaja ile siku ya joto. Ilikuwa mchana, wateja hakuna, hata mbwa wa mtaa walikuwa wamelala chini ya meza za wauza viatu. Pamba akaketi kwenye kiti chake cha kazi, akasema anapumzisha miguu, na usingizi ukamchukua hapohapo, kichwa kimeegemea pale wanapoegemeza wateja. Mimi nina ungo wangu. Binti anaosha vitana kwenye beseni.

Yeye ndiye aliyeona kwanza. "Shangazi. Macho yake yanatembea."

Nikatazama. Chini ya kope, macho yalikuwa yanakwenda huku na huku, kama ya mtu aliye dirishani mwa treni. Midomo ikajitingisha. Kisha akatamka kwa sauti nzito ya usingizini, lakini kila mtu alisikia, "Naona?"

Vidole vyangu vikaacha maharage.

"Naona," akasema. Halafu akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu kama lile kwenye uso wa mtu mzima.

Binti akaacha vitana majini. Mnajua alifanya nini? Alijifuta jasho usoni kwa kiganja. Akajinyoosha gauni. Akasimama wima mbele ya kile kiti, mikono ameishusha, kidevu juu kidogo, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Fundi Saa alikuwa amefika mlangoni, na redio huko kwake ikaendelea kuzungumza na viti vitupu.

Tabasamu likaondoka. Pamba akakunja uso. "Dada, toka," akasema. "Toka. Sikukuita wewe."

"Mimi?" nikanong'ona. "Nimekaa hapa na ungo wangu, nimemkosea nini?"

Kisha mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye kiti. Ukaenda mbele, ukapanda, vidole vikafunguka, vikaanza kupapasa hewa kwa taratibu, kama vile anavyoshika kichwa. Ukashuka upande mmoja, ukasimama, kidole gumba kikasugua mahali padogo. Mara kope zake zikajikaza, akazifumba kwa nguvu, mtu aliyelala, aliyekwisha fumba. Machozi yakapita katikati. Akaamka.

Binti alikuwa amepiga magoti. "Baba. Umeniona?"

"Nipe maji."

Akampa. Akanywa kidogo kidogo.

"Umeniona, Baba? Nikoje?"

Pamba hajui kusema uongo. Kipaji hicho katika familia yetu nilikichukua chote mimi. Akakaa, akasema, "Una mizunguko miwili utosini. Una kovu nyuma ya sikio."

"Hayo ni ya mkononi. Nasema usoni."

Akainua kikombe tena, kilikuwa kitupu.

Nikaona niingie. Nikasema, "Mwacheni jamani, uzuri umemfunga ulimi! Siku huyu mtoto alipozaliwa, jua lilichungulia dirishani, likaona aibu, likatangulia kuchwa saa sita mchana, kuku wote wakapanda kulala..." Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi na haijawahi kukosa kicheko. Siku ile ilianguka chini kama kitambaa kibichi. Fundi Saa akarudi kwake. Binti akasimama, akachukua ufagio, akaanza kufagia sakafu ambayo haikuwa na unywele hata mmoja.

Jioni tukirudi nyumbani, Pamba ameshika kiwiko changu, ndipo aliponieleza ile ndoto.

Alikuwa kibandani, anasema, na ukuta ulikuwa wa kijani, ile rangi ya zamani kabla hatujapaka upya. Kioo kilikuwa kile cha kwanza chenye ufa. Akashika kitambaa akifute, na mkono uliposhika, mdomo ukauliza wenyewe: naona? Akakiona kitambaa. Cha bluu, kina uzi unaoning'inia. Hapo akajua. "Dada, nilijua kama ninavyojua sasa kwamba nimekushika. Nikasema, naota, na ninaona, na hapa mimi ndiye bosi." Alitoka mpaka mlangoni. Barabara yote iliwaka jua, na watu wana viatu, na viatu vina vumbi. Fundi Saa alikuwa amemwambia kwamba wengine wakifika hapo huruka angani. "Kuruka ni kazi ya kunguru," akasema moyoni, "mimi nina shida yangu." Akamwita binti yake.

Akaja. Aliingia kwa sauti yake mwenyewe, "Abee, Baba," na mwendo wake uleule. Lakini uso ulikuwa wangu.

"Wangu?"

"Wako wa usichana. Na lile jino lako la mbele lililopanda juu ya jingine. Ndipo nikakufukuza."

Akamwambia toka, uingie tena. Akatoka. Akaingia tena na uso wa marehemu mke wake, lakini ule wa siku za mwisho za tundu: kipande cha shavu, jicho moja, pembeni giza. Akamwambia tena toka. Mara ya tatu akaingia bila uso. Mbele kisogo na nyuma kisogo, kama kichwa cha mteja kinavyoonekana ukisimama nyuma ya kiti.

"Nilimwambia geuka. Akageuka. Kisogo. Nikamwambia geuka, mama, nakuomba. Akasema, Baba, mbona nimekutazama muda wote?"

Tulikuwa tumefika kwenye mtaro, nikamwambia ruka, akaruka.

"Nikamshika kichwa," akaendelea. "Mizunguko ipo. Kovu lipo. Mkono ukasema ni yeye, hakuna mwingine. Lakini macho yananiletea kisogo. Dada, nilifanya nini? Nilifumba macho. Kule kwenyewe nilikokwenda kuona, nikafumba macho ili nibaki naye. Basi nikaamka. Na giza likawa lilelile."

Sikuwa na la kumwambia. Na mimi kukosa la kusema, wanaonijua wangeniitia daktari.

Alijaribu tena, ndiyo. Naona, sioni, mpaka sauti ikakauka. Ile ndoto haikurudi, na nyingine yenye mwanga haikuja. Nadhani ilikuwa mafuta ya mwisho kwenye taa, akayamalizia kutafuta kitu ambacho hakikuwamo chumbani.

Asubuhi ya kuondoka lori lilisimama mbele ya nyumba, linatetemeka. Binti akamshika baba yake mikono yote miwili, akaiweka mashavuni mwake. "Shika vizuri, Baba. Shika mpaka utosheke."

Alishika. Alipitisha vidole kwenye nyusi, kwenye pua, kwenye midomo iliyokuwa inatetemeka kuliko lori. "Mkono umeshiba, mama," akasema. "Nenda salama." Binti akapanda. Yule dereva hakupiga honi, Mungu ambariki. Pamba akabaki amegeukia upande ambao lori halikwenda, nami sikumgeuza.

Siku hizi ndoto zake zote ni redio, na hajiulizi tena. Akishika kitasa, anafungua tu. Wateja wapya wameanza kurudi, maana hakuna tena cha kuwashtua. Binti hupiga simu, sauti inafika safi, na baada ya simu Pamba hukaa ameishika mkononi mpaka inapopoa.

Juzi nilikuwa kwenye benchi langu, akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Dada, jino lako lililopanda, ni la kulia au la kushoto?"

"Kwa nini?"

"Nimelipoteza. Na uso wote umekwenda. Tangu siku ile nilipokufukuza hukurudi."

Nikasema, "La kushoto. Na mimi ni mzuri bado, nikipita mbele ya kioo kinaniomba nirudi nipite tena." Nikangoja acheke. Jino lenyewe lilishang'oka zamani, sikuona haja ya kulitaja.

Hakucheka. Akawasha mashine.

Yule mteja aliyekuwa kitini akajisogeza mbele, akakunja macho. "Fundi, kioo chako kimejaa vumbi, sijioni."

"Kitambaa kipo hapo msumarini," Pamba akasema. "Futa mwenyewe."